Mfalme Aliyewasha Moto Mwenyewe

Katika Uchochoro wa Wasokota Kamba, London, hapakuwa na mtu mwenye usingizi mzuri kama Thomasin Garrow, na jambo hilo liliwaudhi majirani. Mji mzima ulikuwa unagombana. Mababa na wana wao walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mfalme, wake waliwapikia waume zao uji wa njegere bila chumvi kwa sababu ya Bunge, na makasisi walitukanana kwa Kilatini ili waumini wasishike neno. Thomasin alikula, akalala, akaamka, akachapa. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na saba, mfupi, mpana, mwenye vidole vyeusi kwa wino hata siku ya Krismasi, ambayo Bunge lilikuwa limeshaipiga marufuku. Akiulizwa yuko upande gani, alijibu kwamba yuko upande wa dirishani, maana ndiko kwenye mwanga wa kupangia herufi.

Marehemu mumewe, Gervase, alimwachia mtambo mmoja wa kuchapia, makasha mawili ya herufi za risasi, na Lemuel Potts. Lemuel ndiye aliyevuta mkono wa mtambo: jitu la mabega, sikio moja limekufa, jingine linasikia likitaka. Na juu darini, chini ya vigae, aliishi Kasisi Ambrose Tuke, mzee wa miaka sabini aliyefukuzwa parokiani kwa kung'ang'ania sala za zamani. Thomasin alimpa mahali pa kulala na supu, naye Kasisi akawa anamsahihishia makosa ya chapa. Kitu kimoja tu alichokitaka mzee huyo duniani ni mahubiri yake yachapwe kitabu. Alikuwa ameomba miaka sita. Kila mara Thomasin alijibu kwamba mwezi ujao, Kasisi, karatasi imepanda bei. Ukweli ni kwamba aliyasoma jioni moja akasinzia akiwa amesimama.

Mwanamke huyo alimchapia yeyote. Jumatatu lilitoka tamko la Bunge, Alhamisi likatoka la kulitukana Bunge, na mipira ya ngozi iliyopaka wino kwenye la kwanza ndiyo iliyopaka kwenye la pili, ikinuka mkojo uleule iliolowekwa ili ilainike. Wako watakaosema huo ni ugeugeu. Waseme. Watu wengi wenye msimamo siku zile walikuwa na msimamo kwa sababu hawakuwa na mtambo wa kulisha.

Basi Jumanne ya mwisho wa Januari wakamkata mfalme kichwa, mchana kweupe, mbele ya kasri lake mwenyewe. Lemuel alikwenda kutazama. Aliporudi alikaa kitako juu ya rundo la karatasi, chakula hakukigusa, na alipoulizwa alisema tu kwamba watu waliguna wote kwa pamoja na hata yeye alisikia. Kasisi Tuke alipanda kitandani na viatu vyake, akageukia ukuta, akakaa hivyo siku tatu akimlilia mfalme. Supu aliyopelekewa aliila, lakini bila kugeuka.

Kesho yake kila mwenye wino mjini alikuwa anamtia maneno mdomoni marehemu. Wengine walimfanya aongee kama malaika, wengine wakamfanya aungame dhambi zote tangu za utotoni, na yeye hakuwa na uwezo wa kumkanusha yeyote. Jumatano hiyohiyo akaja dukani mtu wa joho la kijivu, akajiita Bwana Smith, jina ambalo hata Lemuel hakuliamini. Alitaka kijitabu cha kurasa nne: maneno ya mwisho ya mfalme kwa watoto wake. Maneno yenyewe, alisema kwa kunong'ona, yanaandikwa na mkubwa mmoja wa kanisa, na yatafika kesho kabla ya saa sita mchana. Karatasi alizileta mwenyewe, nzuri, za Ufaransa.

Thomasin akafanya kama wachapaji wote wafanyavyo. Alizilowesha karatasi tangu siku ile, akazipanga, akaziwekea jiwe juu, ili kesho ziwe laini na zinywe wino sawasawa. Sasa karatasi ikishaloweshwa haisubiri mtu. Ukiiacha siku mbili inaota ukungu, na kwa baridi ya mwezi ule, wakati mto wenyewe ulikuwa unabeba mabonge ya barafu, ingeganda ikawa gogo moja la kupasulia kwa shoka.

Saa sita ilifika, maneno hayakufika. Saa nane vilevile. Lemuel alitumwa, akarudi na habari kwamba mkubwa wa kanisa amepata woga na kupanda chombo cha kwenda Uholanzi alfajiri, na Bwana Smith hajulikani aliko. Kisha akapitisha kidole kwenye ukingo wa rundo. "Bibi," alisema, "pembeni hapa imeshaanza kukaza."

Thomasin alizitazama zile karatasi za Ufaransa, na roho ikamuuma. Mfalme alikuwa amekufa na hakuna la kufanya, lakini karatasi bado zilikuwa hai. Akachukua kibao chake cha kupangia, akasimama dirishani, akaanza kuokota herufi.

Hakuandika popote. Hili lieleweke, maana mambo yote yaliyofuata yametoka hapa. Miaka thelathini alikuwa amepanga maneno ya watu wengine, karatasi ya mwandishi ikiwa mbele yake, na vidole vyake vilikuwa vimezoea kwenda bila kuulizwa. Safari hii mbele yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Alimweka mfalme chumbani, akawaweka watoto miguuni pake, na mistari ya mwanzo ikaja yenyewe kutoka kwenye sala anazozijua kila mtu. Halafu akakwama. Baba gani huyu, na angesema nini? Thomasin hakuwahi kumwona mfalme ila mgongo, tena kwa mbali.

Alimjua mtu mmoja tu aliyekufa huku anajua kwamba anakufa. Gervase alikwenda vitani na jeshi la Bunge kupigana na mfalme huyohuyo, akapigwa risasi ya tumbo huko Newbury, akaletwa nyumbani juu ya mkokoteni, akachukua siku sita. Siku ya sita alimshika Thomasin mkono akamwambia maneno machache ambayo hakuwahi kuyasimulia kwa mtu. Vidole vilikuwa tayari vinayaokota. Yeye alisimama tu akivitazama, machozi yanamtoka, na hakuvizuia.

Walipowasha mishumaa kurasa nne zilikuwa tayari. Lemuel alivuta, Thomasin akapaka wino, na karatasi zikatoka moja baada ya moja, safi kabisa. Ziliponing'inizwa kwenye kamba kukauka, alizivunja zile kurasa za risasi, akarudisha kila herufi kwenye chumba chake ndani ya kasha. Bwana Smith alijitokeza asubuhi, akapewa mzigo wake, na hakuuliza yule mkubwa wa kanisa aliandika lini.

Kijitabu kilikimbia mjini kuliko alivyotazamia. Wanawake wachuuzi walikificha chini ya aproni na kukiuza kwa sauti ya chini, na kwa kuwa kilikatazwa, kila mtu alikitaka. Jumamosi alikwenda sokoni kununua samaki wa chumvi, akamkuta muuza samaki, mama aliyemlaani mfalme miaka saba mfululizo, anafuta macho kwa nyuma ya kiganja. "Umesoma alivyowaambia wanawe?" mama huyo alimuuliza. "Mtu mbaya hawezi kusema vile." Thomasin alisema hajasoma. Alirudi nyumbani na samaki wake akiwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana, na ndani ya furaha hiyo kulikuwa na aibu kidogo, kama mtu aliyevaa koti la marehemu akasifiwa.

Uvumi nao ukajitafutia miguu. Wengine walisema mwandishi ni askofu. Bwana mmoja mkubwa alikula kiapo kwamba ameiona karatasi yenyewe, kwa mkono wa mfalme, ina madoa ya machozi. Thomasin aliposikia hayo alicheka mpaka akaushika ukuta. Bunge likatoa amri kijitabu kijibiwe, na jibu lenyewe, kurasa arobaini za msomi mmoja mwenye hasira, likaletwa kuchapwa wapi? Palepale dirishani. Alilipanga kwa moyo mweupe, na pale lilipokuwa kavu mno alilitia mchuzi kidogo bila kumwambia mwenyewe.

Wiki mbili zilipita, ndipo akaja Jabez Crull. Huyu alikuwa mpekuzi wa kamati iliyowekwa kusaka maandishi mabaya. Zamani alikuwa mchapaji, mtambo wake ukafilisika, na sasa alitafuta makosa ya wenzake kwa jicho la mtu anayejua yanakofichwa. Hakuwa mbaya. Aligonga mlango, alifuta viatu, akapekua makasha, vitanda, bomba la moshi na pipa la unga, akarudisha kila kitu mahali pake. Alichokikuta ni jibu la Bunge tu, linaning'inia kwenye kamba. Basi akavuta kiti, akakaa, akatoa kijitabu mfukoni.

"Bibi Garrow," alisema, "mimi sitafuti mtambo. Mitambo iko mingi, na herufi zenu nyote zinatoka kwa wasubu walewale wanaozimimina. Namtafuta aliyeandika."

"Si wanasema ni mfalme?"

"Sikiliza hapa." Crull akasoma polepole: "'Wanangu, silii kwa kuwa nakwenda. Nalia kwa kuwa kesho mtaamka na baridi, na moto utakuwa haujawashwa.' Sasa niambie, mama. Yule bwana alikuwa na watu wanne wa kumvalisha soksi. Mfalme gani anawasha moto?"

Thomasin alisema labda ni namna ya kusema.

"Si namna ya kusema. Huyu ni mtu anayeamka kabla ya wenzake, anapiga magoti, anapuliza majivu. Ni msomi wa dini, maana sala anazijua. Ni fukara, hana mtumishi. Nikimpata kasisi aliyefilisika anayejiwashia moto, nimempata mtu wangu."

Alikuwa amefika karibu kiasi hicho. Angeinua macho hatua moja zaidi angeona majivu ya asubuhi ile kwenye aproni ya mwanamke aliyekaa mbele yake. Hakuinua. Nyayo zilisikika ngazini, taratibu, na Kasisi Tuke akatokea, mikono imejaa masizi ya jiko lake dogo la darini. Alimtazama Crull, akakitazama kijitabu, akajifuta mikono.

"Ni mimi," alisema.

Akachukuliwa vile alivyo. Lemuel alitaka kupigana, lakini Kasisi alimpigapiga begani akamwambia atunze kofia yake. Mlango ulipofungwa, Thomasin alibaki amesimama, na kitu cha kwanza kilichompanda, tusimfiche, kilikuwa hasira. Mzee yule alikuwa ametafuta wasomaji miaka sita. Sasa mji mzima unalia kwa kurasa nne, naye kaona ajinyakulie. Kaziiba!

Hasira hiyo haikudumu. Crull alirudi kesho yake kumwambia, kwa adabu, mambo yalivyo. Kamati ilitaka mtu wa kufanywa mfano. Mwenye bahati angesimamishwa sokoni shingo ikiwa kwenye ubao na kukatwa masikio, na mzee wa umri ule angekufa kwa baridi palepale. Asiye na bahati angenyongwa. Shauri lingesikilizwa baada ya siku tano.

Thomasin akafunga mkate na jibini, akajaza chungu cha supu, akaenda gerezani. Alimkuta Kasisi ameketi juu ya majani makavu, mguu mmoja kwenye mnyororo, amechangamka kuliko alivyokuwa mwezi mzima. Thomasin alikuwa ameandaa maneno makali. Alimuuliza kwanza, kwa nini amejitia kitanzini kwa kitu ambacho hakukiandika.

Kasisi alikunywa supu kabla ya kujibu. "Nilikinunua mtaani," alisema. "Nilitoa pesa yangu, Thomasin, kununua kitu kilichochapwa chini ya kitanda changu. Nikakisoma nikamlilia mfalme. Nilipofika penye moto nikaacha kulia."

Thomasin akaanza kumfungulia mkate.

"Nilikuwepo, mwanangu. Siku ya sita. Wewe ulimshika mkono huu, mimi nilimshika huu mwingine. Ulidhani nimelala."

Ni kweli. Jeshi la Gervase ndilo lililomfukuza Kasisi parokiani mwaka uleule, na bado alikuja kukaa kando ya kitanda siku zote sita. Alisinzia kitini, kidevu kifuani. Thomasin alikuwa amelisahau hilo kabisa.

"Umenikasirikia?" aliuliza. "Nimempa mfalme maneno ya Gervase. Na Gervase alikufa akipigana naye."

"Gervase angecheka. Angesema, hatimaye nimemfundisha kuwasha moto." Mzee akamrudishia chungu. "Yule mpekuzi ana akili. Siku mbili zaidi angekutazama vizuri. Mimi nimekwisha zeeka, na humu ndani, kusema kweli, kuna joto kuliko dari lako. Nenda ukachape."

Alitoka pale amekunywa aibu yake yote. Alikuwa amemdhania mwizi mtu aliyetoa shingo yake. Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya kamati, akamwambia karani wa mlangoni kwamba wamekosea, kijitabu kile amekiandika yeye, Thomasin Garrow. Karani aliuliza kama anajua Kilatini. Hajui. Aliuliza iko wapi karatasi aliyoandikia. Haipo. Karani akachovya kalamu, akasema kwa upole kwamba wiki hii wamekuja wendawazimu watatu na mmoja wao ni malkia wa Uhispania, basi mama aende nyumbani akapumzike. Jina lake hata hakuliandika.

Alipiga kelele kidogo, akatolewa nje. Huko nje, kwenye theluji iliyogeuka tope, akapiga moyo konde na kuanza kufikiri kama mchapaji. Hawataki kuamini nani ameandika. Basi waamini nani hakuandika. Alifika nyumbani, akapanda darini, akalifungua sanduku la mahubiri, akakaa nalo siku mbili nzima karibu na jiko. Lemuel alipouliza kulikoni, aliambiwa anyamaze, kuna mtu anasoma.

Crull alimkubalia kusema mbele ya kamati. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, na alipenda ushahidi. Waheshimiwa walikuwa watatu, wamevaa majoho meusi, wa katikati ana mafua makali. Kasisi alisimamishwa pembeni na mnyororo wake. Alipoona Thomasin anaingia na mzigo wa karatasi kwapani, na karatasi zenyewe ni zile anazozijua, uso ulimng'aa, na Thomasin akatazama chini.

Alisema maneno machache. Kwamba mzee huyu amekaa kwake miaka sita. Kwamba haya ndiyo maandishi yake, kwa mkono wake, aliyotaka achapiwe. Waheshimiwa wayasome, halafu waamue kama ndiye aliyeufanya mji mzima ulie.

Wa katikati akampa karani asome kwa sauti. Hubiri la kwanza lilihusu safina ya Nuhu. Lilipima urefu wa safina, upana wa safina, kisha likahesabu ndoo za maji ambazo tembo wawili wangekunywa kwa siku mia na hamsini. Sehemu ya tisa ilihusu samadi. Mheshimiwa wa kushoto alianza kutikisika mabega. Wakaruka kwenda hubiri jingine, juu ya maana kumi na nne za neno "mlango," na wa kulia akauliza kama kuna dirisha la kufungua. Chumba kizima kiliangua kicheko, askari na wote. Hata Crull alifunika mdomo.

Kasisi Tuke hakucheka. Alikuwa hajaambiwa lolote. Alisimama ameshika mnyororo wake kwa mikono miwili, masikio yamekuwa mekundu, na kicheko kilipopungua kidogo alisema, "Waheshimiwa, rudini kwenye safina, vumilieni mpaka ukurasa wa nne. Panapata moto ukurasa wa nne."

Wakavumilia. Ukurasa wa nne ulikuwa samadi ya ngamia.

Thomasin aliona jinsi mzee alivyomtazama, na kama ardhi ingepasuka angeshukuru. Lakini hicho ndicho kilichomwokoa. Hakuna mtu duniani anayeweza kuigiza uchungu wa aina ile. Wa katikati alipenga kamasi, akafuta macho, akasema mtu huyu hakuandika kile kijitabu, mtu huyu hawezi kuandika barua ya kuomba mkate watu wasilale. Crull alimkumbusha kwamba mshtakiwa amekiri mwenyewe. "Bwana Crull," alijibu, "kama mimi ndiye niliyeandika haya, na mimi ningekiri kuandika yale. Mfungueni."

Wakamfungua. Wakamrudishia mahubiri yake, yamefungwa kwa kamba, na mtu mmoja mlangoni akamwomba baraka kwa niaba ya tembo.

Walirudi kwa miguu. Theluji ilikuwa inayeyuka, maji yakidondoka kwenye mapaa yote, na uchochoro baada ya uchochoro Kasisi alitembea na mahubiri yake kwapani. Thomasin alimshika mkono kwenye utelezi, naye hakuukataa mkono, ila hakumtazama. Alitaka kumwambia asante. Alitaka kumwomba radhi. Kila alipotafuta maneno yalikuwa hayapatikani, yeye aliyemtafutia mfalme.

Walipofika karibu na duka la mwoka mikate, Kasisi akasimama. Alifungua kamba, akapekua karatasi zake palepale mtaani, moja moja, huku akilowesha kidole.

"Hapa pamepungua moja," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Ile ya mjane wa Sarepta, yule aliyekuwa anaokota kuni. Umeipoteza?"

"Sijaipoteza. Iko nyumbani, chini ya mto wangu."

"Mbona hukuileta na wenzake?"

Thomasin akamgeukia. "Nilizisoma zote, Kasisi. Siku mbili. Ile nimeisoma mara tatu." Akakaza shali yake. "Ile wangeisoma, usingetoka mle ndani."

Watu walikuwa wanapita na mikate yao. Kasisi Ambrose Tuke alibaki amesimama katikati ya njia, maji ya paa yanamdondokea kofia, na karatasi zake nyingine zote mkononi, hana habari nazo.

"Hebu sema tena," alisema.

Akamwambia tena.